Sukari nayo imelazwa

Na Zuhura Makame

Mtu mwenye kisukari akivunjika paja, sote tunautazama mguu. Daktari anasoma picha ya eksirei, ndugu wanauliza upasuaji ni lini na utagharimu kiasi gani. Sukari aliyoishi nayo miaka yote haiulizwi, kana kwamba imebaki nyumbani. Nayo huenda ndiyo itakayoamua kama mguu utapona.

Chukua suala la chakula. Katika hospitali zetu nyingi mgonjwa hula kinacholetwa na ndugu, nacho huingia wodini saa ya kuona wagonjwa. Insulini haisubiri daladala. Ikichomwa saa moja asubuhi na uji ukafika saa tatu, sukari inaporomoka: jasho linamtoka, mikono inatetemeka, maneno yanampotea, na wa kitanda cha pili anadhani mwenzake kasinzia. Kipimo kikisoma chini ya 4 mmol/L, anayejitambua na kuweza kumeza apewe vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Aliyezimia asitiwe kitu mdomoni. Huyo anahitaji glukosi ya mshipani mara moja.

Kinyume chake nacho kipo. Dawa husimamishwa kwa ajili ya upasuaji, kisha hakuna anayekumbuka kuzirudisha. Sukari inapanda kimyakimya, na mshono unaanza kutoa usaha.

Kulala kwenyewe kuna hatari. Kisukari cha muda mrefu huua hisia za miguu, hivyo kisigino kinaweza kuchubuka kwenye godoro na mwenyewe asilalamike. Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa, kwa kawaida kila saa mbili. Mpira wa mkojo nao, kila siku inayoongezeka ukiwa mwilini huongeza nafasi ya maambukizi. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, wagonjwa 15 kati ya 100 wanaolazwa hupata walau ambukizo moja humo humo hospitalini. Katika nchi tajiri ni 7. Mwili uliokwisha kuchoshwa na kisukari, figo au presha hauna akiba ya kupigana vita vya pili.

Najua wauguzi ni wachache, na usiku muuguzi mmoja huachiwa wodi nzima. Ndiyo maana nataka utaratibu usiotegemea kumbukumbu ya mtu aliyechoka. Ukurasa wa kwanza wa faili uandikwe ugonjwa wa zamani, dawa zake na saa zake. Sindano ya kabla ya mlo isichomwe mpaka sahani iwe mbele ya mgonjwa. Hospitali impikie uji kila anayechomwa insulini, ndugu wawe wamefika au hawajafika. Huo uhesabiwe kuwa sehemu ya tiba.

Nasi ndugu tuna wajibu wetu. Ukimpeleka mzazi wako hospitali, beba dawa zote anazotumia na uutaje ugonjwa wake wa zamani hata kama hujaulizwa. Kila asubuhi uliza: amepimwa sukari? Mpira wa mkojo bado unahitajika? Zamu ikibadilika, uliza upya. Huo si usumbufu kwa wauguzi. Mgonjwa mwenyewe huenda hana nguvu za kuuliza.