Moto kwanza, majivu baadaye

Mwandishi, katika kueleza glezi ya majivu jambo kubwa umeliruka: moto. Glezi ya majivu ya kuni na udongo huyeyuka na kuwa kioo kwenye nyuzi 1,200 na zaidi, na hapo ni lazima tanuri. Mama zetu wengi huchoma vyungu uwanjani kwa kuni na nyasi, moto usiofika hata 1,000. Wao hung'arisha kwa kusugua kokoto laini kabla chungu hakijakauka kabisa, na kazi yao ni safi. Mwenye tanuri achanganye majivu ya kuni, yenye chokaa ya kuyeyusha, majivu meupe ya maganda ya mpunga, ambayo karibu yote ni silika, na udongo wa kaolini wa Pugu ili glezi isichuruzike. Avae glavu. Maji ya majivu huchubua vidole vibaya.