Panga Orodha kwa Kanuni Moja, Pesa Ifike kwa Mwenyewe

Siku ya malipo ikifika, wakulima wengi wa majani chai Kericho na Bomet huwalipa wachumaji wao kwa simu. Fungua orodha yoyote uone: Kipkoech, Kipkemoi, Kiprono, Chepkoech, Chepkemoi, Cherono. Kwa kawaida Kip- ni mwanamume na Chep- ni mwanamke, kwa hivyo ukipanga kwa alfabeti, nusu ya orodha inajazana kwenye K na C. Jicho likiteleza mstari mmoja tu, pesa ya Chepkemoi imeingia kwa Chepkoech.

Wanaoandika programu za malipo nao hubishana kuhusu jambo hili. Tupange kwa jina la kwanza au la mwisho? Herufi kubwa na ndogo ni sawa? Kompyuta isipoelekezwa huweza kuweka "Rono" mbele ya "bett", kwa sababu kwake herufi kubwa hutangulia zote. Nambari zikisomwa kama maneno, 10 huja kabla ya 2. Kuna wanaosema huo ni ubishi wa bure. Sisi hatukubali. Karibu kanuni yoyote itafaa. Hasara huja kila mtu akiwa na yake. Iandikwe mara moja kwenye mwongozo wa timu, mjadala uishe.

Nawe mkulima, au mweka hazina wa chama, fanya vivyo hivyo:

1. Panga kwa nambari ya simu, si kwa jina. Kina Kiprono wanaweza kuwa watano, lakini kila mmoja ana nambari yake.

2. Anza nambari zote na 254. Ile 0 ya mbele mara nyingi hupotea kwenye jedwali la kompyuta. Ukichanganya mitindo, mtu mmoja ataonekana kama wawili, na huenda ukamlipa mara mbili.

3. Chagua jedwali lote kabla ya kulipanga. Ukipanga safu ya majina peke yake, nambari na kilo zinabaki palepale, na kila mtu atapewa jasho la mwenzake.

4. Soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya malipo kukamilika.

Kukubaliana kanuni ni kazi ya dakika chache. Kumfuata mtu akurudishie pesa ambayo ameshaitumia, hiyo si kazi ya siku moja. Na mchumaji aliyeamka alfajiri bado anakungoja.