Siku 5 za Nahodha, Miaka 3 ya Mabaharia

Tusidanganyane: Captain Phillips ni filamu kali. Unajua mwisho wake, na bado roho iko mkononi. Barkhad Abdi, aliyekuwa hajawahi kuigiza filamu, anamkabili Tom Hanks bila kubabaika. Lakini utamu wake usitufumbe macho.

Maersk Alabama ilitekwa Aprili 2009 ikija hapa Mombasa na chakula cha msaada. Nahodha Mmarekani alishikwa siku 5. Manowari zikaja, walenga shabaha wakaua maharamia 3, na kufikia 2013 sinema ilikuwa tayari.

Sasa niambie, ya Iceberg 1 iko wapi? Meli hiyo ilitekwa Machi 2010. Mabaharia wake walitoka Yemen, India, Ghana, Sudan, Pakistan na Ufilipino. Walikaa karibu miaka 3, mpaka vikosi vya Puntland vilipowakomboa Desemba 2012. Hollywood haijawabishia hodi.

Na usiniambie eti hadithi yao haina taharuki. Taharuki gani inashinda kuamka asubuhi karibu 1,000 bila kujua kama kuna mtu anakutafuta?

Kulaumu Hollywood pekee ni uvivu. Wao wanasimulia watu wao. Sisi je? Bandari tunayo. Mabaharia tunao. Washukiwa wa uharamia walishtakiwa papa hapa Mombasa. Nyinyi mnaoandika filamu Kenya, mnangoja nani? Tom Hanks hatakuja kuwaandikia.