Huruma Isiyo Mahali Pake
Mafunzo ya uganga yalianza Upanga, pale Muhimbili, mwaka 1963. Mgonjwa wa kifua kikuu huamriwa ameze dawa kwa miezi 6 bila kuruka siku, maana akiruka vijidudu huweza kuizoea dawa. Je, mwanafunzi atakayetoa amri hiyo kesho, leo ataletaje kazi yake siku 3 baada ya muda kwisha, tena bila kufuata agizo hata moja? Wapo walimu waiitao ruhusa hiyo huruma, nao wanamdhulumu yule aliyekesha akamaliza kwa wakati. Aliyefiwa au aliyeugua na asikilizwe (nao ni wachache). Aliyezembea na akatwe alama, hata kama babaye ni mkubwa.