Simu Inapokuonesha Tangazo la Zamani

Miongoni mwa mizozo midogo inayoingia majumbani siku hizi ni ule wa watu wawili kufungua tovuti moja, kila mmoja kwa simu yake, na kusoma mambo mawili tofauti. Tuchukue mfano wa shule iliyowahisha usaili wa wanafunzi wapya kutoka Jumatano hadi Jumatatu. Mama anaiona tarehe mpya. Baba, aliyeufungua ukurasa huohuo wiki iliyopita, bado anaiona ya zamani. Kila mmoja humdhania mwenziwe kuwa hakusoma vizuri, kumbe wote wawili wanasema kweli, na anayeweza kuikosa nafasi ni mtoto.

Chanzo ni kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti kama vile Chrome au Firefox. Programu hii haivuti kila kitu upya kila unapoingia katika ukurasa. Huweka nakala za picha na maandishi katika ghala dogo ndani ya simu, nalo huitwa kache. Jambo hilo lina manufaa: ukurasa hufunguka upesi, na bando halimaliziki bure. Seva inayotunza tovuti ndiyo huipangia nakala umri wake, tena kwa sekunde: 86400 ni siku moja, 604800 ni wiki nzima. Kabla ya muda huo kwisha, kivinjari chaweza kukuonesha nakala yake bila hata kuiuliza seva kama kuna jipya. Na seva isipotaja umri wowote, kivinjari hujikadiria chenyewe.

Basi ukishuku kuwa unachokisoma ni cha zamani, anza kwa kuupakia ukurasa upya. Katika kompyuta ya Windows, bonyeza Ctrl na F5 kwa pamoja, ili kivinjari kiache nakala yake na kuvuta mpya kutoka katika seva.

Hatua ya pili ni kuufungua ukurasa katika hali fiche, ambayo haitumii nakala zilizokwisha kuhifadhiwa. Ukiona habari mpya humo, ujue kasoro imo katika ghala la kifaa chako. Ukiona ileile ya zamani, jaribu simu nyingine yenye mtandao mwingine. Jibu likiwa lilelile, huenda mwenye tovuti hajabadilisha chochote, au seva yake yenyewe inagawa nakala iliyopitwa na wakati.

Hatua ya tatu ni kulisafisha ghala. Katika Chrome ya simu, gusa nukta tatu za pembeni, ingia katika historia, kisha uchague kufuta data ya kuvinjari. Hapa kuna tahadhari: weka alama kwenye picha na faili zilizohifadhiwa peke yake. Ukifuta na vidakuzi, utatolewa katika akaunti ulizokuwa umeingia. Na ukifuta na nywila, huenda ukashindwa kurudi.

Lakini si haki mzigo wote kumtwika msomaji. Anayesimamia tovuti ya shule, msikiti au chama ana wajibu mkubwa zaidi, kwa kuwa watu hupanga safari na kulipa fedha kwa kutegemea alichokiandika. Aipange seva yake ili kurasa za matangazo ziulizwe kwanza kabla ya nakala kutumika. Pasipokuwa na mabadiliko, seva hujibu kwa namba 304 tu, na nakala ya zamani hutumika kwa halali, bila kupoteza data. Akibadilisha ratiba, asiipachike juu ya ile ya awali kwa jina lilelile. Aipe jina jipya, kwa mfano ratiba-2 badala ya ratiba, na kivinjari kitalazimika kuivuta.

Zaidi ya hayo, aandike juu ya kila tangazo siku lilipohuishwa. Dawa hiyo haigharimu chochote, na humwezesha hata asiyejua kache ni nini kutambua kuwa anasoma lililopitwa. Nawe msomaji, pale palipo na tarehe ya mwisho au namba ya akaunti ya kulipia ada, piga simu uhakikishe kabla ya kutoa fedha.