Kiini na Moli: Istilahi Bila Fasili Haifundishi

Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipochapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, hatua kubwa ilipigwa katika ukuzaji wa istilahi za sayansi. Hata hivyo, mjadala wa wanaisimu umeelemea mno kwenye asili ya neno: je, lichotwe katika Kiswahili chenyewe na lugha nyingine za Kibantu, lichukuliwe kutoka Kiarabu, au litoholewe kutoka Kiingereza? Swali hilo lina maana, lakini limelifunika jingine linalomgusa zaidi mwanafunzi wa sekondari: neno likishapatikana, linafasiliwaje?

Istilahi mbili za kemia zatosha kulidhihirisha jambo hili. Ya kwanza ni kiini. Hili ni neno asilia, na wepesi wake wa kueleweka ndio mtego wake. Mwanafunzi hulijua kutokana na yai, na kiini cha yai huchukua sehemu kubwa ya yai lenyewe. Kinyume chake, kipenyo cha kiini cha atomu ni takriban 1/100,000 tu ya kipenyo cha atomu, ingawa karibu masi yote ya atomu imo humo, katika protoni na nyutroni. Pasipo fasili, mwanafunzi huichora atomu mithili ya yai, asiutambue uwazi mkubwa uliopo baina ya kiini na elektroni.

Istilahi ya pili, moli, imetoholewa. Hii haipotoshi, haisemi lolote. Mwanafunzi hukariri kwamba moli moja ya kaboni ni gramu 12, akahitimisha kuwa moli ni kipimo cha uzito. La hasha! Moli ni kipimo cha idadi, ambayo tangu mwaka 2019 imewekwa kuwa chembe 6.02214076 × 10²³ kamili. Kiswahili kinayo dhana jirani: korija. Korija ya kanga na korija ya mikeka zote ni ishirini, wala mizigo yake hailingani uzito. Vivyo hivyo, moli ya kaboni ni gramu 12, na moli ya molekuli za oksijeni ni gramu 32. Kaboni ya makaa ikiungua kikamilifu, viwango hivyo huungana vikatoa gramu 44 za hewa ya ukaa. Aonaye majivu kidogo jikoni hudhani makaa yametoweka. Hesabu ya moli humthibitishia kuwa hakuna atomu iliyopotea.

Wapo watakaodai kwamba fasili ni kazi ya mwalimu wa kemia, si ya mwanaisimu. Dai hilo halina mashiko. Mwalimu huijua dhana. Mwanaisimu hujua neno limebeba nini tayari akilini mwa msemaji. Nchini Tanzania, ambako wanafunzi wengi humaliza shule ya msingi kwa Kiswahili kisha wakafundishwa kemia kwa Kiingereza, istilahi isiyoeleweka hugeuzwa ushahidi kwamba Kiswahili hakifai kufundishia sayansi, ilhali kasoro ni ya fasili.

Hapana budi, basi, kila istilahi itolewe pamoja na fasili na mfano, na ijaribiwe darasani kabla ya kuchapishwa. Asili ya neno ijadiliwe baada ya hapo.