Kisu cha Kukunja: Mkulima Achague kwa Kazi, Si kwa Wingi wa Zana



Kisu ni kitu kidogo, lakini mche ulioharibiwa na kisu kibaya si hasara ndogo. Mche wa mwembe hulelewa kitaluni miezi mingi kabla haujafaa kubebeshwa, nao huweza kuharibika kwa dakika moja ikiwa kengee ya kisu ni butu au haikufanywa kwa kazi ile. Kwa hiyo yafaa kila mkulima afahamu jinsi watengenezaji wanavyogawa visu vya kukunja katika mafungu, ili akiingia dukani ajue fungu lake ni lipi, asije akatoa fedha zake kwa kitu cha kupendeza macho tu.

Mgawanyo wa kwanza ni wa ukubwa. Mfano mzuri ni visu vya Opinel, vilivyoanza kufanywa na Joseph Opinel mwaka 1890 katika milima ya Savoie, nchi ya Ufaransa. Mwaka 1897 alivipanga kwa namba, tangu 1 mpaka 12. Namba 1 na namba 11 ziliachwa baadaye, lakini nyingine zinafanywa hata leo. Namba 6 ina kengee ya sentimita 7, namba 8 sentimita 8.5, na namba 10 sentimita 10. Mpango huu ni wa haki kwa mnunuzi, kwa kuwa akitaja namba hupata kipimo kile kile popote anunuapo. Tena tangu mwaka 1955 visu hivyo, isipokuwa vile vidogo, huwa na pete ya chuma shingoni ambayo huzungushwa ili kengee isijifunge yenyewe. Kisu kisicho na kizuizi kikikufungia vidole shambani, mbali na dawa, utajua thamani ya pete hiyo.

Mgawanyo wa pili ni wa chuma. Kisu cha umbo moja na namba moja huuzwa kwa aina mbili: kimoja cha chuma cha pua cha kawaida, na kingine cha chuma kisichoshika kutu, ambacho huandikwa Inox juu ya kengee. Kile cha kawaida hunoleka upesi, hata kwa jiwe la kunolea la nyumbani, na hupata makali mazuri. Lakini hugeuka rangi kwa maji ya ndimu na matunda mengine, na hushika kutu kisipofutwa. Kile cha pili huvumilia unyevu na jasho. Wewe uishiye pwani, ambako hewa ina chumvi, au usiyekuwa na desturi ya kufuta kisu chako kila jioni, chukua cha pili. Mwenye bidii ya kunoa na kupaka mafuta atafaidi zaidi kwa cha kwanza.

Mgawanyo wa tatu ni wa wingi wa zana. Hapa mfano wetu ni Uswisi. Karl Elsener alifungua karakana yake katika kijiji cha Ibach mwaka 1884, na mwaka 1891 akapeleka visu vya kwanza kwa askari wa nchi yake. Mwaka 1897 alipata hifadhi ya sheria kwa kisu chepesi zaidi, kilichoitwa cha maofisa, chenye zana nyingi juu ya springi mbili tu. Kutoka humo vilitokea visu vya Victorinox vya siku hizi. Hivyo hugawanywa kwanza kwa urefu vikiwa vimefungwa, kama milimita 58, 91 au 111, kisha kwa idadi ya safu: safu moja ikiongezwa huingia msumeno, nyingine mkasi, na kadhalika. Bei huongezeka kwa kila safu, na unene na uzito huongezeka vile vile.

Mgawanyo wa nne ni wa kazi yenyewe, na huu ndio unaomhusu mkulima kuliko yote. Kampuni hizo mbili hufanya pia visu vya bustani. Kisu cha kupogolea kina kengee iliyopinda kama mundu mdogo, ili tawi lisiteleze unapolivuta. Kisu cha kubebeshea kina kengee iliyonyoka, ambayo kwa kawaida hunolewa upande mmja tu, ili mkato uwe bapa na vipande viwili vya mti vikutane pasipo nafasi kati yao. Kisu cha kupandikiza macho kina kibapa butu cha kuinulia gome pasipo kulichana. Mambo hayo si mapambo. Kila moja lina sababu yake.

Yako mafungu mengine yasiyo na maana kwa shamba. Kengee ile ile ya namba 8 huweza kutiwa mpini wa mti wa mzeituni au wa rangi za kupendeza, na bei ikabadilika. Lakini haitakata tawi vizuri zaidi kwa sababu ya mpini. Mtengenezaji hana kosa kuvifanya, maana wako watu wapendao kutoa zawadi. Kosa ni la mkulima anayedhani kwamba ghali zaidi ndiyo bora zaidi kwa kazi yake.

Wengine watasema: "Mimi nina fedha za kisu kimoja tu, je, si afadhali kile chenye zana kumi?" Kwa maoni yetu, sivyo. Kizibuo hakitakusaidia katika mibuni, na msumeno wa urefu wa kidole hautoshi tawi nene. Mwenye fedha za kisu kimoja anunue kisu cha kengee moja, cha ukubwa wa kadiri, chenye kizuizi, kisha fedha zitakazobaki anunue jiwe la kunolea. Kisu cha bei nafuu kilicho kikali hushinda kisu cha bei kubwa kilicho butu. Lakini mwenye kitalu, anayebebesha miche ili aiuze, asijaribu kuokoa fedha hapa: anunue kisu cha kubebeshea, akitumie kwa kazi hiyo tu, wala asikiache jikoni kumenyea mihogo.

Jambo moja tuliongeze kwa wenye migomba. Mnyauko wa migomba unaoletwa na bakteria, ambao ulionekana Uganda mwaka 2001 na ukaenea katika nchi jirani, hubebwa pia na visu na mapanga kutoka mgomba mgonjwa hadi mzima. Kisu cha kukunja kina tundu na maungio ambamo utomvu hujificha, na ni vigumu kukisafisha kabisa. Kwa migomba, tumia kisu au panga lisilokunjwa, na ulitakase kwa moto au kwa dawa ya jiki kila utokapo shina moja kwenda jingine.

Basi, ukifika dukani, usianze kuuliza bei. Jiulize kwanza: nitakata nini, mara ngapi, na nitakinoa kwa nini? Ukiisha kupata majibu, fungua kisu, tikisa kengee uone kama inalegea, jaribu kizuizi chake, kisha ndipo uulize bei. Mwenye duka atakuonyesha vile vinavyong'aa. Wewe chagua kile kitakachofanya kazi yako.